Delta ni ardhi, estuari ni maji: maneno mawili ya mdomo wa mto, yakitazamwa kutoka Kyela

Mto Kiwira unatoka nyanda za juu za Rungwe, unapita chini ya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba, unateremka kwa kishindo mpaka tambarare ya Kyela, na hapo nguvu zinaisha. Mto unaanza kujikunja, na mzigo wa mchanga na tope uliobebwa kutoka juu unaanza kutuliwa. Mbaka, Lufilyo na Songwe inafanya vivyo hivyo. Mvua za Aprili zikishika, maji yanayoingia Ziwa Nyasa yana rangi ya chai ya maziwa.

Mkulima wa mpunga wa Kyela anayajua hayo yote bila kufundishwa. Lakini mtoto wake akifika sekondari anakutana na maneno mawili ya Kiingereza kwenye jiografia, delta na estuary. Anaambiwa yote mawili ni aina za mdomo wa mto, anakariri sifa tano za hili na sifa tano za lile, na kwenye mtihani anazichanganya. Si kosa lake. Maelezo aliyopewa yalianzia mahali pasipofaa.

Pa kuanzia ni hapa: delta ni ardhi, estuari ni maji. Delta ni nchi mpya, kavu au ya kinamasi, iliyojengwa na mashapo ambayo mto umeyaangusha ulipoingia kwenye maji yaliyotulia. Estuari ni eneo la maji lililokumbatiwa na nchi kavu lakini likiwa wazi kwa bahari, na ndani yake maji ya mto na maji ya bahari hukutana na kuchanganyika. Delta inalimwa. Estuari inavuliwa samaki na kupitishwa mashua. Ukishika hilo, zile sifa tano tano zinajipanga zenyewe, na utaelewa pia kwa nini sehemu moja inaweza kuwa na vyote viwili.

Majina yenyewe yanalisema jambo hili. Delta ni herufi ya nne ya alfabeti ya Kigiriki, ile inayoandikwa kama pembetatu. Wagiriki waliona nchi tambarare iliyo kati ya matawi ya mto Nile na Bahari ya Kati ina umbo hilo, wakaiita kwa jina la herufi. Herodotus, mwandishi wa karne ya 5 kabla ya Kristo, analitumia jina hilo, na ndiye aliyeiita nchi ya Misri zawadi ya mto. Kilichopewa jina hapo ni nchi. Neno la pili limetoka Kilatini, aestuarium, na shina lake ni aestus, neno lenye maana ya kuchemka na kutibuka, na likisemwa kuhusu bahari, kujaa na kupwa. Kilichopewa jina hapo ni mwendo wa maji.

Kujaa na kupwa ndiko kunakowasumbua wanafunzi wa Mbeya, Njombe na Iringa, kwa sababu pwani iko zaidi ya kilomita 800 kwa barabara ukitokea Mbeya mjini. Kabla ya kumfundisha mtu estuari, mfundishe kwanza maneno ya watu wa pwani, kwa kuwa wao wana msamiati uliokamilika wa jambo hili. Bahari hujaa, kisha hupwa, na mzunguko mmoja huchukua saa 12 na dakika 25 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda sana na kushuka sana: hayo ni maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo tofauti inakuwa ndogo, nayo huitwa maji mafu. Pwani ya Tanzania, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4 hivi, yaani kimo cha nyumba ya kawaida, mara mbili kwa siku. Fikiria mto unaoishia kwenye ukuta wa maji wa namna hiyo. Maji yakijaa, bahari inausukuma mto urudi nyuma. Yakipwa, mto na bahari vinatoka pamoja. Hiyo ndiyo estuari ikipumua.

Tahadhari moja kuhusu tafsiri. Kuna walimu wanaoifasiri estuari kuwa hori. Hori ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Unaweza kuwa na mto kichwani, unaweza usiwe nao. Pasipo mto wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hakuna kuchanganyika, na pasipo kuchanganyika hakuna estuari. Mlango wa mto au mdomo wa mto nao hautoshi, maana kila mto una mdomo, hata ule wa delta. Ni bora kusema estuari na kueleza maana yake.

Masharti matatu, na kwa nini Ziwa Nyasa linaanguka

Maelezo yanayotumiwa zaidi na wataalamu wa bahari ni ya Donald Pritchard wa Marekani, ya mwaka 1967. Kwa Kiswahili yanakuwa hivi: estuari ni eneo la maji la pwani lililofungwa nusu, lenye njia wazi ya kuingiliana na bahari kuu, na ambamo maji ya bahari yamepunguzwa chumvi, kwa kiasi kinachopimika, na maji baridi yatokayo nchi kavu. Masharti ni matatu: kufungwa nusu, kuwa wazi kwa bahari, na chumvi iliyopunguzwa.

Neno la mwisho lina namba zake. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Maji ya mto huwa chini ya nusu gramu. Katikati ya hapo ndipo penye maji ya chumvichumvi, na ndiyo maji ya estuari. Ukisafiri na mashua kutoka baharini kuelekea juu ya mto ukipima kila baada ya kilomita moja, namba zitashuka kidogo kidogo kutoka 35 kuelekea sifuri. Mahali ambapo mteremko huo wa chumvi haupo, estuari haipo.

Sasa lipitishe Ziwa Nyasa kwenye masharti hayo. Liko mita 470 na kitu juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni baridi. Kimo chake hubadilika kwa majira ya mvua na kiangazi, na upepo unaweza kuyasukuma maji upande mmoja, lakini hakuna kujaa na kupwa kwa maana ya pwani. Kwa hiyo mdomo wa Kiwira, hata ukipanuka namna gani wakati wa masika, si estuari. Sharti la pili na la tatu yote yamekosekana. Delta, hata hivyo, haidai bahari wala chumvi. Inadai mto wenye mzigo na maji ya kuutulizia mzigo huo. Ziwa linatosha.

Swali gumu zaidi ni la Ziwa Rukwa, nalo wanafunzi wa mkoa wa Songwe wana haki ya kuliuliza. Rukwa halina mto unaotoka, maji yake yana magadi, na mto Songwe unaingia humo. (Ndiyo, mito ni miwili yenye jina moja: Songwe mmoja unakwenda Rukwa, mwingine uko mpakani na Malawi na unaingia Nyasa. Kwenye jibu la mtihani taja ziwa, usiishie kwenye jina la mto.) Je, maji ya mto yakikutana na maji ya magadi hayawi estuari? Hapana. Ile si chumvi ya bahari, ziwa halina njia ya kwenda baharini, na maji hayajai wala kupwa. Kuchanganyika kupo, lakini masharti mengine hayapo.

Ukisoma maandishi ya Marekani utakuta watu wa maziwa makuu ya kule wakisema estuari za maji baridi, na lipo hata eneo la hifadhi la aina hiyo kwenye Ziwa Erie. Wanalipanua neno kwa sababu midomo ya mito yao huingiliwa na maji ya ziwa upepo ukivuma. Ni matumizi halali kwao. Kwenye karatasi ya mtihani wa hapa, bakia na bahari.

Delta inavyojengwa

Mto ukiwa na kasi unabeba. Ukipoteza kasi unaangusha. Huanza kuangusha kizito: changarawe, halafu mchanga, halafu tope laini ambalo hufika mbali zaidi. Mashapo yakirundikana mbele ya mdomo yanaziba njia, maji yanatafuta upenyo kushoto na kulia, na mto unagawanyika. Matawi nayo yanaangusha, yanajiziba, yanagawanyika tena. Hiyo ndiyo sababu ya matawi ya delta: kila moja ni njia ambayo mto uliikimbilia baada ya kuziba njia yake ya kwanza.

Ukikata delta ya ziwani kwa ubavu kama unavyokata mkate, utakuta matabaka matatu. Juu kabisa yamelala tambarare yale ya mto wenyewe. Katikati yameinama kuelekea ziwani, kwa kuwa mchanga uliporomoka ukingoni. Chini yamelala tena tambarare, ya tope laini lililokwenda mbali. Aliyeyaeleza ni Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani, katika karne ya 19, kwenye kingo za ziwa la kale la Bonneville lililokwisha kukauka. Mwinamo ule wa katikati huonekana vizuri zaidi pale ambapo mto mfupi na mkali unaingia kwenye maji yenye kina kirefu karibu na ufuko. Upande wa Matema kwenye Ziwa Nyasa, ambako Milima ya Livingstone inashuka karibu moja kwa moja mpaka majini, ndipo pa kufikiria hali hiyo: vijito vifupi, mawe makubwa, kina kirefu, delta ndogo zenye mteremko mkali. Upande wa Kyela mambo ni kinyume: mito mirefu zaidi, mchanga mwembamba na tope, nchi pana, na mto unaohama njia. Songwe ya mpakani imehamahama kiasi cha kuzilazimu Tanzania na Malawi kushirikiana katika mpango wa kuituliza, maana mto ukihama, mpaka nao unaingia mashakani.

Vitabu vingi vya shule vinaorodhesha masharti ya delta kuundwa: mto wenye mashapo mengi, mteremko mdogo mdomoni, kina kifupi cha bahari, kusiwe na ziwa kubwa njiani la kuchuja mashapo, na bahari isiyojaa na kupwa kwa nguvu. Manne ya kwanza yako sawa kwa delta kubwa. La tano ndilo linalopotosha, na inafaa lifundishwe kwa uangalifu. Delta ya Ganges na Brahmaputra, ambayo ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani, iko kwenye pwani yenye kujaa na kupwa kwa nguvu. Rufiji nayo iko kwenye pwani ile ile ya mita 3 hadi 4. Kinachoamua ni hesabu: mto unaleta kiasi gani, na mawimbi pamoja na kupwa vinachukua kiasi gani. Mto ukileta kuliko bahari inavyochukua, delta inakua hata kama bahari ina nguvu.

Ndiyo maana mwaka 1975 William Galloway alizipanga delta kwa kuuliza ni nani mwenye nguvu zaidi kati ya watatu: mto, mawimbi au kujaa na kupwa. Mto ukishinda, delta inachomoza baharini kwa vidole kama mguu wa ndege, mfano Mississippi. Mawimbi yakishinda, yanasawazisha ukingo uwe upinde, mfano Nile. Kujaa na kupwa kukishinda, kunachimba mikondo mipana inayofunguka kuelekea baharini, na ukiitazama kutoka juu delta inakuwa kama imechanwa kwa kitana, mfano Ganges na Brahmaputra. Mpangilio huu unaeleza sababu. Ule wa umbo tupu unataja majina tu.

Estuari inavyotokea

Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu nyingi ilikuwa imelala nchi kavu, na bahari ilikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 hivi. Mito ilikuwa inachimba mabonde yake hadi kwenye pwani ile ya mbali. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda na kuyafunika mabonde hayo. Bonde lililomezwa na bahari hivi ndiyo estuari ya kawaida: Thames ya Uingereza, Gironde ya Ufaransa, Chesapeake ya Marekani, ambayo ni bonde la chini la mto Susquehanna.

Kwetu mifano iliyo karibu ni Pangani na Wami. Kila mmoja unaingia baharini kwa mdomo mkuu mmoja, wenye mikoko kandokando, na bahari inapanda ndani ya mto maji yakijaa. Pangani unafundisha jambo la ziada: maji ya mto yamepungua kwa matumizi ya juu, na chumvi imesogea ndani zaidi, hadi kuwasumbua wakulima wa kandokando. Mpaka wa chumvi hausimami mahali pamoja. Unasogea na bamvua, unasogea na kiangazi, na unasogea watu wa juu wanapochepusha maji.

Mto Kongo ni mfano mzuri wa kumpa mwanafunzi anayedhani mto mkubwa lazima uwe na delta kubwa. Kongo ndio wenye maji mengi kuliko mito yote ya Afrika, lakini mbele ya mdomo wake kuna korongo refu la chini ya bahari linaloingia hadi ndani ya mdomo wenyewe. Mashapo yanateremkia humo. Ardhi haipati pa kusimamia, na mdomo unabaki estuari.

Halafu kuna lile jina linalotatiza kila darasa, delta ya estuari. Mwanafunzi anauliza, na ni haki yake, inakuwaje kitu kiwe vyote viwili. Kwa kanuni ya ardhi na maji jibu ni jepesi: bonde lilimezwa na bahari likawa estuari, mto ukaendelea kuleta mashapo, na mashapo yanajaza yale maji kutoka ndani kwenda nje. Ile ardhi mpya ndani ya bonde lililozama ndiyo delta ya estuari. Mto Seine wa Ufaransa hutajwa hapo. Estuari nyingi za leo zinaelekea huko, kwa sababu bahari ilisimama karibu na kimo cha sasa miaka elfu kadhaa iliyopita na mito haijaacha kuleta tope.

Kuonyesha darasani kwa karai, chumvi na udongo

Huhitaji maabara. Kwa delta, tafuta karai pana la plastiki au sinia la bati lenye urefu wa sentimita 60 na kingo za sentimita 8. Weka mchanga wa mtoni upande mmoja, ufunike theluthi moja ya urefu, uushindilie kwa kiganja uwe mteremko. Pandisha upande huo kwa kipande cha ubao cha sentimita 3. Upande wa chini weka maji yenye kina cha sentimita 4. Chora kijito kwa kidole, kina cha sentimita 1. Toboa kizibo cha chupa ya lita 1.5 kwa msumari mwembamba, na tundu jingine dogo kwenye kitako ili hewa iingie, kisha acha maji yatiririke juu ya kijito kutoka kimo kisichozidi sentimita 2. Baada ya dakika 10 na chupa tatu au nne, ulimi wa mchanga utakuwa umechomoza majini, na kijito kitakuwa kimegawanyika angalau mara moja.

Mambo yanayoharibika ni haya. Ukimwaga kutoka juu, maji yanachimba shimo badala ya kutiririka. Mchanga ukiwa wa chembe kubwa tupu, hausogei. Ukiwa na mfinyanzi mwingi, unachimbika korongo na maji yanachafuka bila kujenga kitu. Changanya mkubwa na mwembamba. Kosa la kawaida zaidi ni kuacha karai lijae: maji yanapanda, ukingo unarudi nyuma, delta inazama. Teka kwa kikombe kila mara, kimo kibaki kile kile. Mwishoni, kwa makusudi, acha kuteka na mwache mwanafunzi aone maji yanavyopanda ndani ya kijito na kukipanua kuwa faneli. Hapo ameona bonde likimezwa, na somo la estuari limeshaanza.

Kwa estuari tumia chombo cha kioo au plastiki angavu. Lita moja ya maji na chumvi gramu 35, ambazo ni vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa, zitakupa bahari. Koroga hadi chumvi iyeyuke yote, kisha acha itulie. Nusu lita ya maji ya bomba yenye matone ya rangi ya chakula ndiyo mto wako. Mimina mto polepole sana juu ya mgongo wa kijiko kinachogusa uso wa bahari. Maji ya rangi yatakaa juu, kwa sababu mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi na ya maji baridi kilo 1,000. Katika estuari tulivu bahari hupita chini kama kabari na mto ukaelea juu yake. Sasa koroga taratibu: tabaka zinapotea. Kazi hiyo ya kukoroga ndiyo inayofanywa na kujaa na kupwa. Usitumie juisi ya rozela yenye sukari kama rangi, maana sukari inayafanya maji yawe mazito na jaribio linakufa. Maji yote yawe na joto moja, kwa sababu asubuhi ya Juni huku kwetu maji ya bomba ni baridi sana kuliko yale yaliyolala ndani.

La tatu ni fupi. Glasi mbili za nusu lita, kila moja na kijiko cha chai cha udongo wa mfinyanzi laini uliokorogwa vizuri. Moja ongeza kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Acha nusu saa. Kwenye chumvi, chembe zinashikana mabonge na kutua mapema. Ndiyo maana tope jingi huanguka pale pale mto unapoionja bahari, na ndiyo maana estuari zina matope mengi. Udongo wa kichanga hautaonyesha kitu. Ule unaofinyangiwa vyungu ndio unaofaa.

Kusoma kwenye ramani

Kwenye ramani ya 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1, anza na mwelekeo wa maji. Mto ukigawanyika kuelekea chini, hayo ni matawi ya delta. Vijito vikiungana kuelekea chini, ni mito inayoulisha mkubwa, na havihusiani na mdomo. Wanaoruka hatua hii hukosea hata kama wanajua maana zote mbili. Halafu tazama ukingo wa pwani: ukichomoza kuelekea baharini, ardhi imeongezwa, ukiingia ndani kama faneli inayosinyaa kuelekea juu ya mto, bahari imeingia. Mistari ya kimo haipo kabisa kwenye delta kwa kilomita nyingi; kwenye estuari ya bonde lililozama mara nyingi huonekana kandokando.

Kwa picha za setilaiti kwenye simu, ujue picha ilipigwa saa moja fulani. Maji yakiwa yamepwa, mafungu ya mchanga na tope ndani ya estuari yanaonekana kama ardhi ya delta. Angalia mimea: pasipo mikoko wala majani, huenda ni fungu linalofunikwa maji yakijaa.

Na usidanganywe na umbo peke yake. Ukitazama tambarare ya Usangu kutoka juu, utaona mito ya Chimala, Kimani na Mbarali ikishuka kutoka milimani na kutawanyika kama upepeo uliokunjuliwa. Umbo ni pembetatu na matawi yapo, lakini mashapo yametua nchi kavu, chini ya mlima, si kwenye maji yaliyosimama. Huo ni upepeo wa mashapo. Okavango ya Botswana huitwa delta ya ndani kwa mazoea, nayo inamalizikia nchi kavu. Ukiitaja, taja na neno ndani.

Mito ile ya Usangu inaungana kuwa Ruaha Mkuu, unaopita Mtera na Kidatu na kuingia Rufiji. Sehemu ya mchanga wa Mbarali ingefika baharini, lakini mwingi unanaswa: tambarare ya Usangu inachukua, kinamasi cha Ihefu kinachukua, bwawa la Mtera linachukua, na sasa mto Rufiji wenyewe una bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Delta ambayo mto umeacha kuilisha huliwa na bahari. Nile ilionyesha hivyo baada ya bwawa kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970: ukingo wa delta karibu na mdomo wa Rashid umerudi nyuma.

Rufiji ndipo maneno yote mawili yanapokaa pamoja. Ardhi yake, iliyo mkabala na kisiwa cha Mafia, ni delta yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Tanzania. Mikondo yake ni mingi na imejipinda kiasi kwamba meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha humo kwa miezi kadhaa hadi Julai 1915. Lakini maji yaliyo ndani ya mikondo hiyo hujaa na kupwa, na chumvi yake hupanda na kushuka: ni estuari ndani ya delta. Upande wa kaskazini, ambako maji baridi ya mto yana nguvu zaidi, watu wanalima mpunga. Mto ukijaa, chumvi inasukumwa nje na mpunga unastawi. Mto ukipungua wakati wa bamvua, chumvi inarudi na kuingia mashambani. Mpunga umesimama juu ya delta, na estuari ndiyo inayoamua kama utavunwa.